Hasira ya Tehran, mizani ya Florida

HIVI wewe msomaji wangu, ukikasirika unafanyaje? Usiniambie hukasiriki, maana hata mtoto mchanga akicheleweshewa ziwa anakunja ngumi. Wapo wanaobamiza mlango mpaka bawaba zinaomba msamaha. Wapo wanaoporomosha matusi mpaka majirani wanapunguza redio ili wasikie vizuri. Na wapo wale wa kimya kimya: unamkosea Jumatatu, anakwambia "haina neno", halafu wiki nzima chai haina sukari na ukimsemesha anakujibu kwa nyusi.

Swali langu la wiki hii ni hili: kati ya hao watatu, nani ana hasira zaidi?

Nimewauliza watu kadhaa na kila mmoja ana lake. Mzee mmoja kasema ni mbamiza mlango, kwa sababu mlango ni mali na anayeharibu mali yake mwenyewe hana akili ya kawaida. Dada mmoja muuza genge akacheka, akasema, "Kaka yangu, mwogope huyo wa chai isiyo na sukari. Wa mlango keshamaliza, wa chai ndiyo kwanza anaanza."

Msicheke. Wataalamu wa saikolojia wametumia miaka mingi kulitafutia swali hilo jibu la namba. Na walipojaribu kuyahamisha maswali yao kutoka Kiingereza cha Marekani kwenda Kifarsi cha Iran, ndipo ilipojulikana kwamba kupima hasira ya mtu ni kazi ngumu kuliko kumkasirisha.

FOMU YA MASWALI 57

Tuanze na mwenye mizani. Profesa Charles Spielberger, aliyezaliwa 1927 na kufariki 2013, alikuwa mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha South Florida, Tampa, huko Marekani. Mwaka 1988 alitoa fomu ya maswali, wenyewe wanaiita dodoso, ya kupima hasira. Mwaka 1999 likatoka toleo la pili lenye vipengele 57. Unasoma sentensi, unajipa namba kuanzia 1 mpaka 4, basi. Hakuna sindano wala kutolewa damu.

Ujanja wa huyu bwana ni kwamba hakuichukua hasira kama kitu kimoja. Aliikatakata kama mtu anayepasua fenesi. Vipengele 15 vinauliza hasira ya sasa hivi, yaani unavyojisikia dakika hii uliyoshika kalamu. Vipengele 10 vinauliza hasira ya tabia, ile uliyokwenda nayo shule, ukaolewa nayo na utazeeka nayo. Vilivyobaki 32 vimegawanywa mafungu manne ya nane nane: hasira unayoitoa nje, hasira unayoimeza ikabaki inachemka ndani, jitihada za kuizuia isitoke, na jitihada za kujituliza moyo mpaka ipoe.

Halafu inakuja hesabu. Unajumlisha ya nje na ya ndani, unatoa yale mafungu mawili ya kujizuia, unaongeza 48 ili jibu lisishuke chini ya sifuri. Jumla inaangukia kati ya 0 na 96. Kadiri namba inavyopanda, ndivyo hasira inavyokutawala zaidi.

Sasa mmeona? Mbamiza mlango atapata nyingi kwenye fungu la nje, na yule wa chai isiyo na sukari atanaswa kwenye fungu la ndani. Muuza genge hakukosea sana.

Kuna dodoso jingine maarufu la mwaka 1992, la Arnold Buss na Mark Perry wa Chuo Kikuu cha Texas. Hilo linapima uchokozi, na lina vipengele 29: tisa vya kupigana, vitano vya ubishi wa mdomo, saba vya hasira yenyewe na vinane vya kinyongo. Walilijaribu kwa wanafunzi 1,253 wa Marekani. Shikeni hapo kwenye neno wanafunzi, maana tutalirudia.

KILICHOWAPELEKA IRAN

Wataalamu wa vyuo vikuu vya Iran nao wana vijana wao na matatizo yao. Kijana wa Iran akimaliza sekondari anakutana na mtihani wa taifa wa kuingia chuo kikuu, wanauita Konkur, ambao unaweza kuamua atakuwa daktari au atabaki nyumbani akisikiliza masimango ya shangazi. Akifaulu, huenda akapelekwa mji wa mbali, akalala bweni moja na watu asiowajua. Yupo aliyeachwa na mchumba, yupo aliyeishiwa hela, yupo aliyefeli somo moja kwa nusu maksi. Hebu niambie hapo hasira itakosa wapi?

Mshauri wa wanafunzi anataka kujua nani asaidiwe. Anataka pia kujua kama mafunzo ya kudhibiti hasira yanafanya kazi, kwa hiyo anapima kabla na anapima baada. Bila mizani atakuwa anabahatisha kama mpiga ramli. Ndiyo maana madodoso haya yote mawili yakatafsiriwa kwa Kifarsi na kujaribiwa kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya huko.

Mtu atasema, si wachukue kamusi tu, watafsiri, waende zao? Hapo ndipo kasheshe inapoanza.

NENO MOJA, NYUMBA MBILI

Chukua neno letu hasira. Limetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya majuto na huzuni. Neno hilo hilo liliingia Kifarsi, na huko wanasema hasrat. Lakini Mwajemi akikwambia ana hasrat hajakukasirikia hata kidogo. Anajuta, anatamani kitu alichokikosa, roho inamuuma kwa kilichompita. Neno moja limeolewa nyumba mbili, huku likawa kali, kule likawa la huzuni. Neno ghadhabu wao wanalitamka ghazab na maana inashabihiana na yetu. Kwa hiyo usipoangalia unafurahi kwa ghadhabu, unaanguka kwa hasira.

Kifarsi chenyewe kina khashm, neno la heshima la vitabuni. Kina asabani, neno la kila siku, ambalo limetokana na neva za mwilini. Halafu kina narahat. Hili ni "na" ya kukanusha pamoja na "rahat", ambayo ni raha ile ile tunayoijua. Mtu asiye na raha. Lakini asiye na raha ni nani? Anaweza kuwa mwenye huzuni, anaweza kuwa mwenye wasiwasi, na anaweza kuwa amekasirika ila adabu haimruhusu kusema. Mwaka 1977 mtafiti Byron Good alichapisha makala kuhusu watu wa mji wa Maragheh, kaskazini magharibi mwa Iran, waliokuwa wakilalamika "moyo kukosa raha", na akaonyesha kwamba ndani ya maneno hayo mlikuwa na misiba, uzazi, umaskini na ugomvi wa nyumbani, vyote kwa pamoja.

Sasa fikiria wewe ndiye mtafsiri. Ukiandika khashm, kijana anaona unamuuliza lugha ya mashairi. Ukiandika narahat, unapima hasira na huzuni kwenye sufuria moja. Na usisahau kwamba Kifarsi kinachoandikwa na kinachosemwa mtaani havifanani, kama sisi tunavyoandika barua ya kuomba kazi kwa lugha moja na kugombana na kondakta kwa nyingine. Mtu hakasiriki kwa lugha ya barua ya kuomba kazi.

Zaidi ya hapo kuna qahr. Ukikosana na rafiki mkaacha kusemeshana, hiyo ndiyo qahr. Mkipatana, hiyo ni ashti. Sisi tungesema kununa au kususa. Kwa Wairani ni jambo zito lenye taratibu zake, anajulikana nani aanze kusalimia na nani awapatanishe. Dodoso lililozaliwa Florida lina nafasi nzuri ya kukamata makelele na milango. Kununa kwa wiki tatu kwa heshima zote, utakuweka fungu gani? Umeizuia hasira, au umeitoa nje kwa ncha ya sindano?

Mimi haya ya tafsiri yananigusa. Siku moja kwenye semina tuligawiwa fomu ya afya ya akili iliyofasiriwa na mtu mwenye haraka zake. Swali mojawapo liliuliza kama katika wiki mbili zilizopita nimejisikia "niko chini". Jirani yangu kwenye benchi, anayeishi ghorofa ya nne, akaweka alama ya hapana kwa ujasiri kabisa. Mwingine akauliza chini ya nani. Nikajiambia, majibu haya kesho yataitwa takwimu.

MIZANI YA BUCHA

Wanaofanya kazi hii kwa makini hawaendi hivyo. Dodoso lililotafsiriwa ni kama mizani mpya ya bucha: hata ing'ae vipi, haifai kuuzia nyama mpaka imekaguliwa. Ukaguzi wake unakwenda hatua kwa hatua.

Kwanza, wanatafsiri watu zaidi ya mmoja wanaozijua lugha zote mbili. Kisha mtu mwingine, ambaye hajaiona fomu ya mwanzo, anairudisha tafsiri kwenye Kiingereza. Njia hii ilielezwa vizuri na Richard Brislin mwaka 1970. Kama ulipeleka mbuzi akarudi kondoo, unajua kuna mahali amebadilishwa njiani.

Pili, wanawapa wanafunzi wachache waisome na kusema wameelewa nini. Hapa ndipo vichekesho vinapotoka, na ndipo pesa nyingi zinapookolewa.

Tatu, wanawapa wanafunzi wengi, mamia, na kuangalia kama maswali ya fungu moja yanakwenda pamoja. Mtu aliyejipa 4 kwenye kufoka, tunatarajia asijipe 1 kwenye kupayuka. Kipimo chake kinaitwa alfa, kilichoelezwa na Mmarekani Lee Cronbach mwaka 1951. Kwa kawaida kinasomwa kati ya 0 na 1, na wengi huridhika kikifika 0.70. Kikiwa chini sana, ile ni kwaya ambayo kila mtu anaimba wimbo wake.

Nne, wanarudi baada ya wiki kadhaa na kuwapima wale wale. Hapa pana utamu. Hasira ya tabia inatakiwa irudi karibu na namba ile ile, maana tabia haibadiliki kama shati. Lakini hasira ya sasa hivi ikirudi ile ile, hapo ndipo uanze kutilia mashaka, kwa sababu kijana uliyemkuta ametoka kugombana Jumanne haiwezekani awe bado anatokwa na povu mwezi unaofuata. Kwa hiyo fungu moja linasifiwa kwa kutulia na jingine linasifiwa kwa kubadilika.

Tano, wanalinganisha na vipimo vingine. Mwenye hasira nyingi anatarajiwa kupata nyingi pia kwenye dodoso la uchokozi. Lakini namba zake zikifuatana mno na zile za kipimo cha huzuni, basi huenda mizani yako inapima narahat huku wewe unadhani unapima khashm.

IMAMU ALIYEMEZA HASIRA

Mimi naona fundo kubwa kuliko yote liko hapa. Wairani wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shia, na Imamu wao wa saba, Musa, aliyefariki mwaka 799 na kuzikwa Baghdad, anajulikana kwa jina la al-Kadhim. Maana yake ni mwenye kuizuia hasira yake, na hiyo ni sifa kubwa. Quran nayo, katika sura ya tatu, inawataja kwa wema wanaozuia ghadhabu na kusamehe watu. Kijana wa Isfahan anakua akisikia hayo kama kijana wa Unguja anavyoyasikia.

Na Kifarsi kinalisemaje jambo hilo? Kinasema kuimeza hasira, neno kwa neno kama sisi. Wana na msemo wa kuweka meno juu ya ini, yaani kuvumilia. Wao wanavumilia kwa ini, sisi tunakatana maini.

Sasa kumbukeni mafungu ya Profesa Spielberger. Kuimeza hasira ikabaki inachemka ni fungu la ubaya, linaongeza namba. Kujituliza mpaka ipoe ni fungu la wema, linapunguza. Kwa Kiingereza ni mambo mawili mbalimbali. Lakini ukimuuliza Mwajemi mchamungu kama anaimeza hasira yake, atajibu ndiyo, tena mara nyingi, kwa sababu amefundishwa hivyo na mama yake. Hesabu itamsoma kama mtu anayechemka ndani kwa ndani, mgombea wa shinikizo la damu. Kumbe pengine yeye alishasamehe, akala chakula chake na kulala.

Na kinyume chake kipo. Yupo anayejibu kwamba anajizuia, anapewa alama za wema, na huku ndani ni tanuri. Huyo hatapelekwa kwa mshauri, maana karatasi inasema mzima.

Kwa hiyo wataalamu wanatumia hesabu nyingine ambayo chanzo chake ni Mwingereza Charles Spearman, mwaka 1904. Inaangalia majibu ya watu wote kwa pamoja na kuona maswali yanajikusanya yenyewe vikundi vingapi. Kama "kumeza" kunajikusanya na maswali ya kinyongo, sawa, ni kumeza kwa ubaya. Kama kunakimbilia kwa maswali ya utulivu, basi sentensi ile iandikwe upya. Karatasi inapaswa kuwafuata watu, si watu kuifuata karatasi.

MBONA WANAFUNZI TU?

Niliwaambia tutarudi kwa wanafunzi. Karibu kila penye kazi za namna hii utawakuta wao. Sababu si siri: wako wengi mahali pamoja, wanajua kusoma, na mwalimu akiwaomba dakika 20 hawana pa kukimbilia. Lakini kijana wa miaka 20 wa chuo kikuu si mfuma zulia wa Kashan wala dereva teksi wa Tehran mwenye watoto wanne. Mizani iliyokaguliwa kwa mchicha usiikimbize kupimia saruji.

Tena hata darasani hawalingani. Iran ina Waazeri, Wakurdi, Wabaluchi, Waarabu na wengine ambao Kifarsi wamekikuta shuleni. Mtu hugombana kwa lugha ya mama yake. Ukimuuliza hasira yake kwa lugha ya darasani, anaweza kukupa majibu ya darasani.

Halafu kuna hofu. Septemba 2022, binti wa miaka 22, Mahsa Amini, alifariki akiwa mikononi mwa polisi wa maadili, na maandamano yakaenea nchi nzima hadi ndani ya vyuo vikuu. Mpelekee mwanafunzi karatasi wiki kama ile, inayomuuliza kama anajisikia kutaka kuvunja kitu. Ataandika kweli? Akiandika kweli, ile ni tabia yake au ni habari ya nchi yake? Ndiyo maana fomu isiyo na jina, iliyotumbukizwa kwenye boksi lililofungwa, ina thamani kuliko alfa yoyote.

NA SISI TUJIPIME

Msione ni mambo ya mbali. Watu wa Makunduchi kule Unguja wana Mwaka Kogwa, sherehe yenye asili ya mwaka mpya wa Kiajemi, na wanaume huchapana kwa migomba kusudi vinyongo vya mwaka vitoke, wakamaliza kwa kula pamoja. Mpe mmoja wao fomu ya hasira ya sasa hivi asubuhi ile, halafu mpe nyingine jioni akishiba wali. Utapata namba mbili za mtu mmoja.

Na sisi pia tunaletewa madodoso kutoka nje, yanafasiriwa usiku mmoja, kesho yanamwamulia mtu kama ni mgonjwa, kama ni mkorofi, kama anafaa kazi. Ushauri wangu ni mfupi. Ukipewa fomu ya namna hiyo, uliza imejaribiwa kwa nani, na kwa lugha gani. Swali usilolielewa usilijibu kwa aibu, muulize aliyekupa. Na ninyi mnaofasiri, mkae kwanza na muuza genge na kondakta, muwasikilize wanavyokasirika, kabla hamjafungua kamusi.

Maana mtu akipunjwa nyama kwa mizani mbovu, atapika mchuzi mwepesi na mambo yataisha. Akipunjwa akili, akaitwa mwenye hasira na kumbe ana msiba, anaweza kulibeba jina hilo maisha yake yote.

Haya, tuonane wiki ijayo, na aliyenuna akanywe chai yake yenye sukari.